Dawa ya presha ya macho: tone ni moja, muhimu liingie

Dawa ya glakoma haikufanyi uone vizuri zaidi. Lijueni hilo mapema, maana wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haijawasaidia. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo usizidi kufa. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, ingawa wapo wenye 18 ambao mshipa wao bado unaharibika, kwa hivyo kiwango chako akuwekee daktari.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ukivaa lenzi za machoni, zivue, uzirudishe baada ya dakika 15. Soma jina la chupa kila mara. Na tafadhali, isikae droo moja na supaglu. Vichupa hivyo vinafanana, na watu wamekwisha kujitia gundi.

2. Lala chali, au kaa na uinamishe kichwa nyuma. Kwa mzee ambaye mikono inatetemeka, kulala ndiko bora.

3. Vuta ukope wa chini kwa kidole ufanye kifuko kidogo. Mkono ulioshika chupa uuegemeze kwenye paji la uso. Ncha ibaki kama sentimita 2 juu ya jicho. Ikigusa nywele za kope, vijidudu vinaingia chupani na utavitia machoni mwezi mzima.

4. Tazama darini, finya tone moja. Kile kifuko hakitoshi hata tone zima, kwa hivyo la pili linaishia shavuni, na chupa ya mililita 2.5 iliyopaswa kufika wiki nne inakwisha katikati ya mwezi.

5. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Fumba jicho polepole, usilikaze wala kupepesa, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole ile pembe iliyo upande wa pua, dakika mbili kamili ukitazama saa. Hapo pana kitundu kinachopeleka machozi puani. Ndiyo maana ukitia dawa unaonja uchungu kooni. Dawa ikipita huko, jicho limekosa na mwili umepata. Timolol, mojawapo ya dawa za glakoma, ikiingia kwenye damu kwa njia hiyo hupunguza mapigo ya moyo, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua.

6. Futa iliyomwagika. Latanoprost, dawa nyingine ya glakoma, ikizoea kubaki kwenye ngozi huotesha vinyweleo na kuifanya iwe nyeusi.

7. Una dawa mbili? Subiri dakika 5, zikifika 10 ni bora zaidi. Ukizifuatanisha, ya pili inaifukuza ya kwanza. Marhamu iwe ya mwisho.

Kuhusu joto letu: latanoprost nyingi, kabla ya kufunguliwa, hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, ikifunguliwa inastahimili nyuzi 25. Kaskazi ya Mombasa chumba kinapita 30 bila taabu, kwa hivyo irudishe friji hata baada ya kuifungua, kwenye rafu, si friza. Safari ya feri hadi Likoni haiiharibu. Kuiacha kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa ndiko kubaya. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu, na wiki nne zikitimia itupe hata kama imebaki.

MASWALI

Mamangu ana miaka 72, hajui kama tone limeingia, basi hutia matatu.

Mpe ikiwa baridi kutoka friji, atalihisi. Akifumba macho kwa woga, alale chali, umtilie tone kwenye pembe ya ndani macho yakiwa yamefumbwa, halafu ayafumbue liingie lenyewe.

Ramadhani nifanyeje, natia timolol mara mbili?

Tia wakati wa daku na baada ya futari. Latanoprost ni ya usiku, haina tatizo. Katika madhehebu ya Shafii dawa ya machoni haifunguzi saumu, lakini mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake badala ya kuiacha mwezi mzima.

Nimesahau latanoprost ya jana.

Endelea na ya leo usiku, tone lilelile moja. Ukiitia zaidi ya mara moja kwa siku nguvu yake hupungua.

Macho yaliwasha na kuwa mekundu, duka la dawa wakanipa matone, siku mbili nikapona. Niendelee nayo?

Soma jina kwanza. Ikiwa ni deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hizo ni steroidi, na zenyewe hupandisha presha ya jicho kimyakimya huku wekundu umetulia. Mpelekee daktari wa macho chupa hiyo aione.

Nimeanza timolol wiki hii, nikipanda ngazi napumua kwa shida.

Usitie tone linalofuata. Nenda hospitali leo leo, beba chupa, useme kama umewahi kuwa na pumu au moyo kwenda polepole. Omba kabisa dawa ya aina nyingine, usirudi nyumbani mikono mitupu.