Somo: Breki ya diski ya haidroliki kwa guta la mizigo, hesabu kuanzia tairi hadi mguuni

Wanafunzi wengi wenye mradi wa breki huanzia dukani. Wananunua kalipa nzuri (kifaa kinachobana diski kwa pedi), kisha wanatafuta pa kuifunga. Anza upande wa pili: pale tairi linapogusa barabara, halafu panda hatua kwa hatua hadi kwenye mguu wa dereva. Nitatumia guta la injini la magurudumu matatu, lenye diski kwenye magurudumu mawili ya nyuma.

Hatua ya 1: Jua unasimamisha nini

Guta, mzigo na dereva: kilo 500. Mwendo: kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde. Tunataka mwendo upungue mita 3 kwa sekunde, kila sekunde. Tangu breki zishike, litasimama ndani ya mita 21 hivi. Kani inayotakiwa ni 500 × 3 = nyutoni 1,500, na tunazipa diski za nyuma zote. Breki ya mbele ibaki ya dramu na waya, ijitegemee kabisa, ili mfumo mmoja ukifa mwingine uwepo. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 2: Kutoka tairi hadi pedi

Nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.28, kwa hiyo torki ni 1,500 × 0.28 = 420, sawa na nyutonimita 210 kila gurudumu. Pedi zinashika diski milimita 90 kutoka katikati: 210 ÷ 0.09 = nyutoni 2,333 za msuguano. Diski inabanwa pande mbili, na kipeo cha msuguano cha pedi tukichukulie 0.35. Basi kani ya kubana ni 2,333 ÷ 0.7 (yaani 0.35 × 2) = nyutoni 3,333.

Hatua ya 3: Kutoka pedi hadi mguuni

Kalipa ya pikipiki yenye pistoni mbili za mm 27, zote upande mmoja, ina eneo la mm² 1,145. Presha: 3,333 ÷ 1,145 = 2.9 N/mm², karibu bar 29. Masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedali) ya mm 14 ina eneo la mm² 154, kwa hiyo inadai nyutoni 448. Pedali ya uwiano wa 4 kwa 1 inashusha hizo hadi 112 mguuni. Ni kama uzito wa kilo 11, hazimshindi mtu.

Wengi hufungia hesabu hapa, na ndipo miradi inapoangukia. Utajiuliza: kwa nini nisiweke masta silinda ya mm 10, mguu utumie nusu tu ya nguvu hiyo? Angalia mwendo wa pistoni. Pistoni zote nne za kalipa mbili zina mm² 2,290. Zikisogea mm 0.3 tu kabla pedi hazijagusa diski, zinahitaji mm³ 687 za oili. Masta silinda ya mm 14 inatoa kiasi hicho kwa kusogea mm 4.5, yaani mm 18 kwenye pedali. Ile ya mm 10 inasogea karibu mm 9, pedali mm 35, na bado hujahesabu mipira ya kupitishia oili inayotanuka wala upepo kidogo uliobaki. Nguvu unayopunguza mguuni unailipa kwa mwendo wa pedali. Andika hesabu zote mbili kwenye ripoti.

Hatua ya 4: Kutengeneza na kufunga

Nunua kalipa, masta silinda, mipira na diski. Wewe kereza kitovu cha kubeba diski, tengeneza kishikio cha kalipa na pedali. Kishikio kiwe bamba la mm 8, bolti mbili za M8 daraja 8.8. Diski ikishafungwa, izungushe ukiwa umeisimikia saa ya kupimia. Mimi naikataa ikiyumba zaidi ya mm 0.2.

Kalipa ikae nipo (skrubu ya kutolea upepo) ikiwa juu. Ukiigeuza, upepo unajificha juu ya nipo na hautatoka hata ukanyage mpaka jioni.

Hatua ya 5: Oili na kutoa upepo

Tumia oili ya breki ya DOT 4. Oili ya injini inavimbisha mipira ya ndani na kuiua. Anza na kalipa iliyo mbali zaidi na masta silinda: msaidizi akanyage na ashikilie, wewe legeza nipo, kaza, ndipo aachie. Kikopo cha oili cha masta silinda kisikauke hata mara moja.

Hatua ya 6: Majaribio

Inua magurudumu, kanyaga kwa nguvu dakika nzima, kagua kila kiungo. Kisha tembeza guta tupu ndani ya uwanja, polepole. Mzigo ni wa mwisho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka kalipa nitengeneze mwenyewe. Inawezekana?*

Marahaba. Inawezekana, ila ugumu upo kwenye mfereji wa ringi ya mpira. Ringi hiyo ni ya duara, ila ukiikata mkato wake ni mraba. Ukikanyaga, inajikunja pamoja na pistoni. Ukiachia, inajinyoosha na kuirudisha kidogo sana. Ndiyo springi pekee iliyopo. Nunua ringi za kukarabatia kalipa, chukua vipimo vya mfereji kutoka kwenye kalipa halisi, na jaribu kwa pampu ya mkono hadi bar 60 ukiwa nyuma ya kinga.

*Mkuu, je, joto mlimani?*

Kusimama mara moja kunazalisha kilojuli 31. Diski ya chuma ya kilo 0.8 inayopokea nusu yake inapanda nyuzi 40 hivi. Mteremko mrefu hauipi nafasi ya kupoa, oili inachemka na pedali inazama. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini ni 155. Shuka kwa gia ndogo, na badilisha oili.

*Kwenye sura ya historia niweke nini?*

Hataza ya breki ya diski ya Frederick Lanchester, Uingereza, 1902. Ushindi wa gari la Jaguar C-Type kwenye mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na breki za diski. Honda CB750 ya 1969, iliyoingiza diski ya haidroliki kwenye pikipiki za kawaida. Ukurasa mmoja unatosha.

*Mimi nimemaliza kufunga, lakini baada ya kutembea kidogo breki zinashika zenyewe. Nikilegeza nipo zinaachia. Kalipa mbovu?*

Iache kalipa. Fimbo ya pedali inasukuma pistoni ya masta silinda muda wote, na tundu la kurudishia oili kwenye kikopo limezibwa. Oili ikipata joto inatanuka, haina pa kwenda, inabana pedi. Fupisha fimbo hadi pedali icheze mm 3 au 4 kabla ya kugusa, kisha tembea tena na ushike diski zote mbili kwa tahadhari: zisitofautiane joto.