Somo: Kutambua vinyama vidogo vya mfuko (wanaolea watoto mfukoni) vya Australia kwa vielelezo vya zamani vya makumbusho, yaani ngozi na mafuvu yaliyohifadhiwa

Naandika mara moja ili nisijibu tena kila wiki. Picha za ngozi kuukuu zinakuja, na swali ni lile lile: "Huyu mwekundu ni spishi gani?" Rangi ya ngozi iliyolala kabatini tangu karne ya 19 haiwezi kukuambia. Manyoya ya ngozi kavu hugeuka mekundu kadiri miaka inavyokwenda, na ya mnyama aliyekaa kwenye spiriti huchujuka. Tuanze na mifupa.

1. Vaa glavu. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki zisiliwe na wadudu, na sumu hiyo bado imo.

2. Nakili lebo yote, mbele na nyuma, pamoja na makosa yake ya tahajia.

3. Hakikisha namba ya fuvu na ya ngozi ni moja. Fuvu hutunzwa kwenye kichupa chake, na katika kuhamahama kwa makabati, fuvu na ngozi hupotezana.

4. Watoe panya kwanza. Panya ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, halafu pengo, ndipo magego. Karibu wanyama wote wa mfuko wana pembe ya nyuma ya taya la chini iliyokunjika kuelekea ndani. Ligeuze taya, utaiona.

5. Hesabu meno ya mbele ya chini, kisha tazama mguu wa nyuma. Mawili makubwa yaliyoelekea mbele: ukoo wa posamu na kangaruu. Sita, na vidole viwili vimeungana ndani ya ngozi moja: bandikuti, mnyama wa mfuko mwenye pua ndefu. Sita, na vidole vyote viko huru: familia ya Dasyuridae, wanyama wa mfuko wala nyama na wadudu, ambamo wamo vinyama kama panya: dunati, antekinusi, planigale na mulgara. Planigale fuvu lake ni bapa. Dunati ana wayo mwembamba, antekinusi mpana.

6. Magego madogo, yale yanayofuata chonge. Hapa ndipo majina yanapoharibika, kwa hiyo soma polepole. Chukua mulgara, jenasi (kundi la spishi ndugu) Dasycercus, kifupi D. Mwaka 2005 mtafiti wa wanyama wa mfuko Patricia Woolley alitenganisha spishi mbili zilizokuwa zikichanganywa. D. cristicauda ana magego madogo matatu kila upande wa taya la juu, manyoya ya mkiani yamesimama kama upanga wa jogoo, na jike ana chuchu nane. D. blythi ana magego madogo mawili, mkia hauna upanga, chuchu ni sita. Sasa fikiria jino moja limedondoka fuvu lilipokuwa linasafishwa: cristicauda amekuwa blythi, na kosa limeingia kwenye daftari. Basi usihesabu meno, hesabu matundu. Weka fuvu chini ya hadubini, mwanga utokee ubavuni. Jino lililodondoka baada ya mnyama kufa huacha tundu wazi lenye kingo kali. Lililong'oka angali hai, tundu lake huzibwa na mfupa mpya. Lisiloota kabisa, pale pana mfupa laini tu. Kagua pande zote mbili.

Onyo: usichokonoe tundu kwa sindano.

Onyo jingine: kwa wanyama hawa gego dogo la tatu ndilo jino pekee linalobadilishwa. Mtoto anaweza kuwa amepoteza la utotoni na la ukubwani halijatokeza. Kama gego kubwa la nne halijatoka lote, andika jenasi tu.

Kisichokuwepo kwenye kielelezo si lazima kiwe hakikuwepo kwa mnyama. Mwaka 1836 msafara wa mpelelezi Thomas Mitchell, huko Australia, ulimpata bandikuti mwenye miguu kama ya nguruwe, akiwa hana mkia. Mwanazuolojia William Ogilby akamwita ecaudatus mwaka 1838, yaani asiye na mkia. Vielelezo vilivyofuata vikawa na mikia mirefu, lakini kwa kanuni za majina anaitwa Chaeropus ecaudatus mpaka leo.

7. Pima fuvu kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili). Vipimo vya ngozi kavu viandike, usivitegemee: masikio na nyayo hunywea.

MASWALI

mtafiti_mpya: Nina picha, kahawia nyekundu, mkia mfupi. Ni spishi gani?

Jibu: Soma aya ya kwanza. Lete picha ya taya la chini.

mtafiti_mpya: Taya sina. Si unikadirie tu?

Jibu: Hapana. Nikikadiria utaandika, na atakayekuja baada yako ataamini.

binti_mifupa: Shikamoo mwalimu. DNA haiwezi kumaliza kazi hii?

Jibu: Marahaba. Swali zuri. Inasaidia sana: mwaka 2019 DNA na mifupa kwa pamoja vilimtoa Chaeropus yirratji, spishi ya pili ya huyo bandikuti niliyemtaja. Lakini kupata DNA lazima ukate kipande, na makumbusho hayatoi ruhusa ovyo. Tena mapitio ya Dasycercus ya mwaka 2023, yaliyofikisha spishi sita, yalisimama juu ya mafuvu na meno. Ukijua mifupa, utajua pia kielelezo kipi kinastahili kukatwa.

binti_mifupa: Na kirukanjia wa kwetu, hatua hizi zinamfaa?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 3 na ya matundu, ndiyo. Ya 4 na ya 5, hapana, maana si mnyama wa mfuko. Kwake anza na jino la kwanza la juu, kubwa lililopinda kama ndoana, kisha hesabu vijino vyenye ncha moja vinavyofuata. Kati ya jenasi mbili za kirukanjia, Crocidura ana vitatu kila upande, Suncus vinne. Hicho cha nne ni kidogo mno, hujibana mbele ya gego, na kikidondoka Suncus anaandikwa Crocidura.

fundi_picha: Mwanga wa ubavuni naupataje bila taa ya maabara?

Jibu: Tochi ya simu ya pili, ilaze mezani. Karatasi nyeusi chini ya fuvu, rula ndani ya picha, na piga tena tochi ikiwa upande wa pili.