Taa ya cheki injini: soma namba kabla hujanunua kifaa

Wakuu, juzi nilimsindikiza shemeji kukagua Toyota IST ya mkononi kule Nyakato, Mwanza. Bodi safi, rangi inang'aa, dashibodi haina taa hata moja. Shemeji akaanza kuhesabu hela. Nikamwambia azime, halafu afungue swichi bila kupiga stata. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikawaka, ya cheki injini kimya. Tukarudi na daladala.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Ukifungua swichi, taa ile lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, balbu imeungua, imeng'olewa, au mtu ameiziba. Mimi naiogopa hiyo kuliko taa inayowaka.

Hatua ya pili, tazama inavyowaka. Ikitulia na gari linakwenda vizuri, endesha taratibu hadi upate pa kupima. Ikiwa inapepesa, injini inamisi vibaya, yaani silinda inaruka bila kuunguza petroli: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi) na kuyayeyusha. Punguza mwendo, paki pembeni. Usijipe moyo kwamba utafika Buhongwa kwanza.

Hatua ya tatu haina gharama. Fungua boneti. Je, filta ya hewa ilibadilishwa wiki hii? Angalia kama mpira mkubwa wa hewa umerudishwa na kukazwa. Vichwa vya betri vinacheza? Injini imepigwa maji kwa presha na vijana wa kuosha magari? Maji hutuama kwenye mashimo ya plagi na gari huanza kumisi siku hiyo hiyo. (Injini haihitaji kung'aa jamani.)

Hatua ya nne, kusoma namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna tundu la pini 16. Unachomeka kifaa kidogo cha bluetooth, wengi wanatumia ELM327, unaweka programu kwenye simu, unafungua swichi. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yake kuanzia ya mwaka 1996. Gari la zamani lililotengenezwa kwa soko la Japani laweza kuwa na tundu lile lile na bado likagoma kuongea na kifaa cha kawaida. Hapo nenda kwa fundi umeme mwenye mashine kubwa. Namba ikitokea, iandike pamoja na kumbukumbu iliyohifadhiwa nayo: mwendo, joto la injini, mizunguko. Ukifuta kabla ya kuandika, umemfukuza shahidi.

Hatua ya tano ndiyo inayokula hela za watu, kwa sababu namba haitaji kifaa cha kununua, inataja malalamiko. P0301 maana yake silinda ya 1 inamisi, basi. Haikusema koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Kwenye injini ya Toyota iitwayo 1NZ koili ni nne, zimekaa juu, kila moja bolti moja ya spana 10. Zima injini, badilishana koili ya silinda ya 1 na ya 3, futa namba, zunguka nayo. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, badilishana plagi kwa mtindo huo huo. Ikigoma bado, ingia kwenye nozeli (inayopuliza petroli) na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Umepima bila kununua kitu.

P0171 ni hewa imezidi kwa petroli iliyopo. Watu hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, wakati sensa ndiyo iliyotoa taarifa! Anza na mipira iliyopasuka, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi (isafishwe kwa spirei yake maalumu, usiiguse kwa kidole), halafu presha ya petroli. P0420 inalalamikia masega. Kabla ya yote chungulia chini uone kama yapo. Magari mengi yamewekewa bomba tupu.

Hatua ya sita ni ya wanunuzi. Namba ikifutwa, kompyuta ya gari huanza upya kujipima, na programu itakuonyesha majaribio ambayo hayajakamilika. Ukikuta karibu yote hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Muulize muuzaji kwa nini. Omba mzunguko mrefu: panda kilima cha Bugando, kisha nyoosha hadi Usagara, halafu soma tena pamoja na makosa yanayosubiri kuthibitishwa.

MASWALI

Igoma: Mkuu, Raum yangu asubuhi inatetemeka kwenye sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) na taa inawaka, ikipata moto inatulia. Fundi anataka nibadilishe koili zote nne.

Jibu: Koili nne hazifi usiku mmoja, kaka. Imesoma namba gani? Injini ikiwa ya baridi, kagua mpira wa hewa na gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Vikipata moto hutanuka na ufa unajiziba.

Kirumba: Nimeambiwa nikitoa masega gari itakuwa nyepesi na itakula mafuta kidogo. Ni kweli?

Jibu: Kama hayajaziba, dada, hutaona tofauti ya maana, ila sensa ya nyuma itakuwashia taa. Masega yana platini na paladiamu, madini ya bei kubwa. Anayekushauri uyatoe muulize kwanza yatabaki kwa nani.

Sengerema: Nikichomoa betri usiku taa inazima. Navuka daraja la Kigongo–Busisi siku mbili tatu, inarudi.

Jibu: Makosa mengi huthibitishwa baada ya safari mbili, kwa hiyo gari lako liko sawasawa kabisa katika kulalamika. Acha betri, soma kumbukumbu uone lilikuwa mwendo gani taa ilipowaka.

Igoma: Wabeja (asante) sana mkuu. Imesoma P0171. Mpira umepasuka kwa chini, upande usioonekana. Nimeuzungushia solotepu, asubuhi hii injini imewaka kimya.

Jibu: Safi. Ila solotepu na joto la injini haviishi pamoja, kanunue mpira.