Parkinson kabla ya miaka 50: saa za dawa na daftari la kwenda nalo kwa daktari

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Ukimpata mtu kabla ya miaka 50, si lazima uanze na mkono kutetemeka. Pengine ni bega lililokaza, mkono mmoja usioyumba unapotembea, mwandiko unaozidi kuwa mdogo, au vidole vya mguu vinavyojikunja alfajiri hadi kiatu kinakataa kuingia. Ndiyo maana wengi hutibiwa bega kwanza. Ukifika kwa daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, mtajie kila dawa uliyowahi kutumia, kwani baadhi ya dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili huleta dalili hizihizi. Muulize pia kuhusu ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hurundikana mwilini. Kwa kijana ni lazima uchunguzwe, maana una tiba yake.

Dawa kuu ni levodopa, ikichanganywa na dawa saidizi, kabidopa au benserazidi, katika kidonge kimoja. Imeze nusu saa kabla ya kula, au saa moja au zaidi baada ya kula. Levodopa na protini hugombania mlango mmoja wa kuingilia damuni. Nyama na mayai yakitangulia, kidonge hubaki nje. Usiache protini, ila sehemu kubwa ihamishie mlo wa jioni. Vidonge vya madini ya chuma vitenge na levodopa kwa saa 2 au zaidi. Choo kikiwa kigumu, mwambie daktari mapema, kwa sababu tumbo likienda polepole dawa nayo huchelewa. Na kidonge kinachotoa dawa taratibu kisipondwe wala kutafunwa.

Sasa daftari. Hili tunalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa daktari anakuona kwa dakika chache tu, na huenda ndizo dakika ambazo dawa imekolea na unatembea vizuri. Siku 3 kabla ya miadi, gawa ukurasa kwa nusu saa nusu saa. Andika N ukiwa na nafuu, K ukikakamaa au kuwa mzito, C mwili ukichezacheza wenyewe, na L ukiwa umelala. Kila unapomeza kidonge, chora duara.

Tuseme duara liko saa 1:00 asubuhi, N inaanza saa 2:00, K inarudi saa 4:30, na kidonge kinachofuata ni saa 6:00. Daktari ataona pengo la saa moja na nusu, na huenda akasogeza vidonge vikaribiane badala ya kuongeza kipimo. C zikijaa kilele cha kila dozi, hapo huenda dozi ni kubwa. Kuchezacheza huku huwapata zaidi wanaougua wakiwa vijana, kwa hiyo usijiongezee dawa mwenyewe.

Ukiandikiwa pramipeksoli au ropiniroli, ambazo ni dawa nyingine za Parkinson, mweleze mwenzi wako au ndugu wa karibu siku hiyohiyo. Dawa hizi zinaweza kumwingiza mtu kwenye kamari, ununuzi usiozuilika au tamaa ya ngono iliyopita kiasi, na mwenyewe asione tatizo. Huweza pia kuleta usingizi wa ghafla, hatari kubwa kwa anayeendesha gari. Hilo ni jambo la dawa, si tabia mbaya, na lisifichwe kwa aibu. Dawa hizi hupunguzwa taratibu chini ya daktari.

Ukilazwa kwa ugonjwa wowote, nenda na vidonge vyako ndani ya boksi lake, pamoja na kadi yenye jina la dawa, kipimo na saa zake. Levodopa ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa kwa homa kali na fahamu kuvurugika. Hiyo ni dharura. Kwenye kadi andika kwa herufi kubwa: USINIPE metoklopramidi, prokloperazini wala haloperidoli. Hizi ni miongoni mwa zile dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili tulizozitaja mwanzoni. Kama unatumia selegilini au rasagilini, dawa nyingine za Parkinson, andika pia dawa ya maumivu pethidini kwenye orodha hiyo ya USINIPE. Kabla ya upasuaji, uliza kidonge cha mwisho kimezwe saa ngapi, na dawa itapitia wapi usipoweza kumeza.

Kwa wanawake, dalili zinaweza kupanda siku chache kabla ya hedhi, hivyo tarehe zake ziingie daftarini. Anayepanga mimba aseme mapema, hasa kama anatumia amantadini, dawa nyingine ya Parkinson, ili dawa zipangwe upya kabla hajashika ujauzito.