Frank Zappa, yule mwanamuziki wa roki wa Marekani, ana albamu 60 na ushee, uanzie wapi?

Kwanza niwaambie nilivyokosea mimi. Kuna mtu alinipa flashi imejaa Zappa mtupu, folda zimepangwa kwa mwaka, nikaona ah hii rahisi, naanza 1966 naenda nayo mpaka mwisho. Nikafungua Freak Out!, albamu yake ya kwanza, mwanzo ikawa yaenda vizuri tu, halafu nikafika wimbo wa mwisho kabisa humo, dakika 12 za ngoma na makelele, mtu apiga ukwenzi mwengine acheka, na mimi niko nyumbani na spika. Mamangu akauliza kutoka jikoni, "We, huyo nani yuwalia?" Nikazima. Flashi ikakaa kwenye droo mwaka mzima.

Kosa ni kuanza mwanzo. Hebu niambie, mgeni akija hapa Mombasa ataka kumjua Juma Bhalo wa taarab, utamwambia aanze kanda ya kwanza aje nazo moja moja? Si utamuekea ule unaoupenda wewe, akiupenda atauliza mwengine mwenyewe.

Na usifikirie kummaliza huyu jamaa, humuwezi. Alizaliwa Marekani 1940, akafa Disemba 1993 kwa saratani ya tezi dume, hata 53 hajafika, na alishatoa albamu zaidi ya 60, na familia wameendelea kufungua ghala mpaka sasa jumla imepita 100. Hizo za baada ya kifo, haswa yale maboksi ya shoo nzima nzima, ziache kwanza. Shika alizotoa mwenyewe akiwa hai.

Mimi nakwambia anza na Hot Rats ya 1969. Ngoma 6 tu, karibu zote hazina maneno, kwa hivyo hata kama Kizungu chako cha kuokoteza hakuna kitakachokupita. Ya kwanza yaitwa Peaches en Regalia, dakika tatu na nusu hivi. Niliisikiza Likoni nimesimama nasubiri feri, jua limewaka, mtu nyuma anisukuma na gunia lake, ikaingia ile drum ya mwanzo halafu mapiano na mapembe yakaja pamoja kama bendi ya harusi iliyovaa suti, na kabla sijaelewa ikaisha. Nikarudia. Feri ikaja, ikajaa, ikaondoka, nikarudia tena. Mpaka navuka nishaisikiza mara tano, na kila mara nasikia kitu kipya huko chini, maana hayo mapembe na kinanda karibu vyote ni mtu mmoja, Ian Underwood, anarekodi hiki juu ya kile. Na besi kwenye hiyo ngoma amepiga Shuggie Otis, kijana wa miaka 15. Kumi na tano! Mimi umri huo nilikuwa nakimbizwa madrasa.

Sasa usiruke kwenda albamu nyengine kesho yake. Kaa nayo wiki, iweke kwenye simu usimalize bando, isikize ukiwa kwa matatu, ukiosha vyombo. Ikikukaa ndio utafute ya pili, na ya pili usichague kwa mwaka, chagua kwa mtu. Umependa kinanda? Mfuate George Duke, mpiga kinanda wake, utafika One Size Fits All ya 1975, na humo utampata Ruth Underwood kwenye marimba, huyo mama ana mikono miwili lakini wallahi utahesabu minne. Ngoma ya kwanza humo, Inca Roads, solo ya gitaa ilitolewa kwa shoo ya Helsinki ikabandikwa juu ya rekodi ya Los Angeles, na husikii kiungo hata kidogo. Ndio tabia yake, kukata na kuunga kama fundi cherehani.

Umependa gitaa? Joe's Garage ya 1979, lakini hapo nikutahadharishe, mdomo wake mchafu. Matusi waziwazi, mengine hata hayachekeshi, yashapitwa na wakati na mimi huyaruka bila haya. Usiweke spika wakati wazee wako sebuleni. Ila vumilia ufike Watermelon in Easter Hay, gitaa tupu dakika tisa hivi, polepole, kama mtu aliyekaa kule Mama Ngina ufukweni jioni hataki kurudi nyumbani.

Ukitaka okestra iko The Yellow Shark ya 1993, alifanya na Ensemble Modern wa Ujerumani. Jazz from Hell ya 1986 karibu yote ni kompyuta na ilipata Grammy, mimi bado inanishinda, nishajaribu mara tatu.

Na ikikushinda albamu, iwache, hakuna mtihani. Andika tu jina kwenye simu uirudie baada ya miezi, masikio hubadilika. Mimi Freak Out! niliirudia baadaye sana, nishamzoea, ile ya dakika 12 nikaisikiza yote mpaka mwisho na nikacheka. Lakini kwa hedifoni, mama alikuwa jikoni.