SOMO: Jinsi ya kukereza gongo la besiboli kwa mninga

Wakuu habari. Kuna mwalimu wa michezo alinifuata hapa Mtwara mjini anataka magongo mawili ya besiboli, mimi kazi yangu miguu ya vitanda na meza ila mashine ya kukereza si ipo, nikamwambia lete picha. (Gongo la mti jamani, sio lile la kwenye chupa, la korosho huku tunaita nipa.)

Sehemu zake ni hizi. Chini kuna kifundo kinachozuia mkono usichomoke, halafu mpini, halafu shingo linapoanza kunenepa, halafu tumbo ndo linalopiga mpira, mwisho ncha. Ligi kuu ya Marekani urefu usizidi sm 106.7, unene sm 6.6, na liwe mti mmoja mzima, ila wengi wanashika la sm 84 hivi lenye kama gramu 900.

MBAO. Hapa ndo kazi yote. Gongo langu la kwanza lilipendeza balaa, mpira wa tatu tu mpini ukaachana kwa mshazari, kipande kikaruka mpaka kwenye mkorosho nyuma ya mrusha mpira, na bahati yake aliinama. Kuangalia vizuri kumbe nilitumia kibaki cha ubao wa kitanda, nyuzi za mti zimekatiza mpini badala ya kwenda nao. Siku hizi sichani kwa msumeno, napasua gogo kwa shoka na kabari ili mti ufuate njia yake wenyewe, ndo napata kipande cha 7 kwa 7, urefu sm 95. Lisiwe na jicho (pale tawi lilipoota) hata moja. Likauke kivulini miezi, sio wiki, na hewa hii ya baharini ndo kabisa usiharakishe.

Kupima nyuzi dondosha tone la wino kwenye mpini, utaona wino unatambaa kufuata mistari. Wamarekani kwa miti ya maple wanataka mstari usipinde zaidi ya digrii 3 kutoka urefu wa gongo.

KUKEREZA. Fanya duara kwanza, weka alama kila sm 10, kila alama chonga mpaka kipimo chake halafu unganisha. Anza na tumbo, mpini mwisho, maana ukishafika sm 2.5 unaanza kucheza kwenye mashine na patasi inaruka. Miisho usikate mpaka umalize msasa.

Kumalizia paka vanishi nyepesi basi, mpini mimi naacha mkavu.

MASWALI

Mtoto wa Mikindani: Fundi shikamoo, kwanini usitumie mpingo wakati Lindi umejaa?

Marahaba. Mpingo ukiutupa kwenye maji unazama mkuu. Gongo lile lile la gramu 900 litavuka kilo moja na nusu, nani atalizungusha? Waachie wachonga vinyago.

Mama Nachingwea: Nimesikia kuna sehemu ukipiga mkono hauumi, ni wapi?

Dada yangu, shika kifundo kwa vidole viwili gongo lining'inie, gonga na nyundo taratibu toka ncha ukipanda juu. Sehemu kubwa vidole vitatetemeka, ukifika kama sm 15 toka ncha mtetemo unapotea. Ndo hapo.

Fundi Masasi: Kaka mbona mengine ncha imechimbwa kama kikombe, ni urembo?

Sio urembo, wanapunguza uzito wa mbele. Ligi kuu ya Marekani kina kisizidi sm 3.2. Mi sichimbi, mninga tayari mwepesi.

Kijana wa Ligula: Na ya alumini?

Yale matupu ndani, hayavunjiki hovyo, ila ligi kuu ya Marekani hawayaruhusu. Na mimi bomba sikerezi, nenda kwa wachomeleaji.

Fundi Masasi: Sasa yule mwalimu alilipa?

Kalipa moja. Lingine ndo lile lililoruka.