Somo: Sweta ndefu ya kufuma kwa mkono, tuanzie kwenye hipsi

Nazungumzia ile sweta inayoshuka mpaka katikati ya mapaja, ya kuvaa juu ya gauni au suruali. Huku Njombe, baridi ya mwezi wa saba ikianza kila mwanamke anaitaka, na nyingi zinaishia sandukuni kwa sababu mfumaji alipima kifua peke yake. Mwaka jana nilimfumia mama yangu mdogo, rangi ya zambarau, kazi ya wiki tano. Mabegani ilimkaa vizuri sana. Alipoketi tu, ikapanda kiunoni ikajikunja pale. Niliifumua yote. Tangu siku hiyo napima hipsi kwanza, tena mtu akiwa ameketi, maana nyonga hutanuka mtu akikaa.

Hatua ya 1. Fuma kipande cha majaribio, sentimita 15 kwa 15. Kifue, kikikauka hesabu mishono kwenye sentimita 10 za katikati. Kwa sindano za milimita 4 mimi napata mishono 22 na safu 30. Ukiwa na mkono wa kubana utapata zaidi, basi fuata hesabu yako.

Hatua ya 2. Pima kifua, kiuno, hipsi na urefu kutoka begani. Kifua na hipsi achia sentimita 8.

Hatua ya 3. Tuseme kifua ni 96, hipsi 112, urefu 75. Hipsi ukiachia inakuwa 120. Kipande cha mbele ni nusu yake, 60, yaani mishono 132. Kifua ni 104, nusu 52, mishono 114. Tofauti ni 18, kwa hiyo 9 kila upande. Anza na 132, panda bila kupunguza kama sentimita 13 mpaka ufike penye hipsi, kisha punguza mshono mmoja kila upande katika kila safu ya 6, mara 9. Nyuma ni vilevile. Mshono wa kuunganishia pembeni uongeze nje ya hesabu hii.

Pindo la kuvutika kama la mkono wa sweta usiliweke hapa, litang'ang'ania mapaja. Fuma mshono uleule safu zote kwa sentimita 3 ili lisijikunje, na acha mpasuo wa sentimita 12 kila upande.

Umbo namba nane: punguza mpaka kiunoni, halafu ongeza tena kuelekea kifuani. Mabega mapana: shingo ya V.

Mwenye tumbo ndiye anayeonewa zaidi. Mbele hupanda, nyuma hushuka, naye anashinda akivuta nguo. Mfumie safu fupi mbele, usawa wa tumbo: fuma mpaka ibaki mishono 10, zungushia uzi mshono unaofuata ili pasibaki tundu, geuza, urudi hivyo hivyo upande wa pili. Ukifanya jozi 6 umepata safu 12, yaani sentimita 4 za ziada katikati, na pembeni urefu haubadiliki.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mwalimu. Mimi mwembamba, sina hipsi. Nikivaa naonekana nimeazima.
Marahaba mwanangu. Achia sentimita 4 badala ya 8, na kiunoni fuma sentimita 8 za mshono wa kuvutika. Angalia bega pia: likivuka mfupa, nguo nzima itaonekana ya mtu mwingine.

Dada, yangu imefika magotini baada ya kufua!
Uliitundika kambani, eti? Maji ni mazito, yanavuta uzi. Ikamue ndani ya taulo, ilaze mahali tambarare ikauke.

Mimi ni bonge, nisiweke mistari?
Weka, mpenzi, usijinyime rangi. Ila mstari usikatishe pale palipo papana kuliko pote. Upandishe kifuani karibu na uso. Misuko minene ndiyo uipunguze, inaongeza unene wa nguo yenyewe.

Nimeshamaliza na hipsi zinabana. Nifumue?
Hapana. Fumua pembeni tu, kuanzia pindo mpaka kiunoni. Fuma pembetatu mbili, chini mishono 11, ukipunguza mpaka uishe juu, uziunganishe hapo. Utapata sentimita 10 kwenye pindo, zikipungua kuelekea kiunoni. Uzi ule kama umekwisha, chukua rangi nyingine kabisa, na mifuko uifume kwa rangi hiyohiyo.